Amri ya Watano

Siku ya hamsini ya kuzingirwa, ngome ya udongo ya kando ya mto Ravi haikuwa na unga wala dengu. Watu walichemsha majani ya miti. Jemadari Nidhan Singh, aliyewatoa mbio maofisa wa mfalme wa Delhi katika miji minane, sasa alikuwa anakaza mkanda tu.

Asubuhi hiyo akaja Tahal Singh, ndugu yake wa kiapo.

"Jemadari, Watano wameketi. Wameamua utoke mchana huu na farasi wote sitini, uende kivukoni. Kuna mashua za ngano."

"Mchana kweupe? Watano wamekula majani au bangi?"

"Mie mjumbe tu, ndugu yangu. Nawe ndiwe uliyetufundisha kwamba neno la Watano halijibiwi."

Hapo alimshika pabaya. Kwa Masingasinga, watu watano waliochaguliwa wakishaamua, hata jemadari huinama. Nidhan mwenyewe aliwahi kuchapwa viboko kwa amri yao, kosa lake kumtukana mpishi, na akashukuru. Tahal alikuwa mmoja wa hao watano. Tena walikunywa maji ya kiapo siku moja, bakuli moja la chuma. Mtu kama huyo unamdai shahidi? Nidhan hakumdai. Kwa haraka ya njaa hata hakupita kuwaaga wale wanne wengine.

Kivukoni hapakuwa na mashua. Palikuwa na mizinga nyuma ya matete, na wapanda farasi wa mfalme wamejipanga wanasubiri. Sitini wakabaki kumi na tisa, na hao wakafungwa kamba.

"Watano wameniuza!" Nidhan alipiga kelele, akawalaani wote kwa majina. Hila za adui alizizoea, ila hawa walikuwa watu wake.

Alirudishwa na kukuta lango la ngome liko wazi. Pembeni alisimama Tahal, kavaa joho la hariri, lile ambalo gavana wa mfalme huko Lahore humpa mtu aliyemfurahisha.

"Usinitazame hivyo," Tahal alisema. "Nimemwomba gavana akuachie roho yako."

"Na za hawa wenzangu?"

Tahal akawa anatengeneza mkono wa joho lake.

Watatu kati ya wale wanne walikuwa wamelala langoni, wamekufa, panga mikononi. Kumbe aliwalaani waliokuwa wanamfia. Wa nne, Mzee Karora Singh, alikuwa hai, na yeye na Nidhan walifungwa mnyororo mmoja shingoni.

"Mzee wangu, nisamehe. Nilidhani nyote mmenigeuka."

"Sisi?" Mzee alitema damu. "Tahal alitwambia umekwenda kujisalimisha. Tukamwita mwongo. Tukapanda ukutani, tukakuona kwa macho yetu unakimbiza farasi kuelekea kwao. Alipofungua lango, mioyo ya vijana ilikuwa imeshakufa."

"Nilitumwa na Watano!"

"Mimi ni mmoja wa Watano. Sikukutuma."

"Lakini Tahal alisema..."

"Tahal ni mmoja. Kuhesabu hadi tano kulikushinda?"

Askari akavuta mnyororo, safari ya Lahore ikaanza, na njia nzima mzee alitembea amejitenga naye kadiri mnyororo ulivyomruhusu.