Biskuti za Limau za Mama Marietha

Mkisikia watu wanasema Luciana wa Issuna alizaliwa na bahati, wakatalieni. Mimi nilikuwa jirani yake, ua wa minyaa tu ulitutenga, na bahati sikuiona ikipita pale. Nilichokiona ni mwanamke aliyepika kitu kimoja mara nne juani mpaka kikamtii. Na nilichomtendea mimi nitakisema pia, maana nimezeeka na sina tena wa kumwogopa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Mume wangu Antipasi alikuwa karani wa baraza, nyumba yetu ilikuwa ya bati, na mimi nilikuwa nimesoma misheni mpaka darasa la nne. Nilivimba kichwa, acheni tu! Luciana alikuwa mjane, hajui hata herufi moja. Lakini kukiwa na harusi au ubatizo, wanawake walimwita yeye aonje mchuzi, hawakuniita mimi. Jambo hilo lilinichoma kuliko ninavyoweza kueleza.

Luciana alikuwa na mtoto mmoja, Marietha, binti mwenye akili kweli kweli. Alikuwa ameshinda mtihani wa kuingia darasa la tano kwenye shule ya wasichana mjini Singida. Shemeji yake Luciana, mzee Mughwai, ndiye aliyekuwa na kauli juu ya mtoto tangu baba yake afariki, na alikuwa amesema neno lake: binti wa marehemu ndugu yangu haendi mjini peke yake. Tena kulikuwa na watu wa Unyambwa wameshaanza kuja kumposa, wanasubiri mavuno tu walete ng'ombe.

Sasa shule ile ikawa inatafuta mpishi. Mpishi angepewa chumba palepale shuleni. Luciana akaenda kwa shemeji yake, akapiga magoti, akasema, "Baba, nikipata kazi hii, mtoto atalala kwangu. Utamruhusu?" Mughwai akavuta ugoro, akafikiri, akasema, "Ukipata, aende. Usipopata, ng'ombe wakija nitawapokea." Ndivyo ilivyokuwa. Kijiji kizima tulijua.

Mkuu wa shule alikuwa Mzungu mwembamba, tulimwita Mama Miwani. Alikuwa amefundisha akina mama wa kijiji chetu kufuma na kupika, akaacha kwetu karatasi za mapishi zilizopigwa chapa kwa Kiswahili. Akatuma salamu: anayetaka kazi apike nyumbani kwake, kwa jiko lake mwenyewe, biskuti laini za limau zilizo kwenye karatasi. Apike Jumatano, alete Alhamisi asubuhi. Alitaka kuona kama zitalala na kuamka bado laini. Mnaujua wenyewe upepo wetu wa kiangazi, ukiacha ugali wazi nusu saa unakauka mpaka unaweza kuugonga mezani kama jiwe.

Mimi kazi sikuihitaji. Nasema kweli, nilikuwa na kila kitu. Nilitaka kushinda tu, wanawake wa Issuna wajue nani ni nani.

Siku nane kabla, Luciana akaja kwangu na karatasi yake. "Mama Filipo," akasema, kwa kuwa mtoto wangu wa kwanza ni Filipo, "naomba unisomee, taratibu, nishike kichwani." Nikamkaribisha, nikampa kigoda. Nikasoma: unga wa ngano vikombe viwili, sukari, samli, mayai mawili, maganda ya limau yaliyokwaruzwa, maji ya limau. Halafu macho yangu yakaona: magadi meupe ya kopo, yale ya kuumulia unga, kijiko kimoja kidogo. Ulimi ukauruka mstari ule. Nikaendelea na kukanda, na kukata, na moto. Nilisoma kwa sauti nzuri kabisa. Luciana akaomba nirudie, nikarudia vilevile, akashukuru kwa mikono miwili, akaenda zake.

Mtaniuliza roho yangu ilikuwa wapi. Sijui. Ilikuwa imelala.

Kesho yake nikasogea kwenye minyaa nione kichekesho. Mimi nilikuwa na oveni ya bati aliyonitengenezea fundi wa mjini. Yeye alikuwa na chungu kikubwa, ndani yake kaweka mchanga mkavu, juu ya mchanga sahani ya bati yenye biskuti. Chini mkaa, juu ya kifuniko mkaa. Kikwaruzo chake kilikuwa kipande cha debe alichokitoboatoboa kwa msumari. Malimau alipewa misheni, na unga aliupata kwa kutoa kuku wake wawili dukani. Hapo ndipo kwanza nikaanza kukasirika, maana nilitaka kumcheka na nikawa namtazama.

Samli yake ilikuwa ya nyumbani, ile ya maziwa ya kibuyu, na mnajua vibuyu vyetu tunavifukiza kwa moshi wa kijinga cha moto. Kwenye ugali moshi huo ni utamu. Kwenye biskuti ya Mzungu, loh! Luciana aliinusa, akakunja uso. Akaichemsha pamoja na maganda ya limau na maji, akaiacha igande, akamwaga maji. Akanusa tena. Mtu huyo hakufundishwa na yeyote. Mimi niliyesoma misheni nilikuwa nimenunua samli ya dukani kwa sababu sikujua kama harufu ya moshi inaondoka.

Biskuti za kwanza zikatoka ngumu kama kigae. Alivunja moja kwa jiwe, haki ya Mungu, kwa jiwe! Marietha akasema, "Mama, labda tumekosea." Luciana akakigeuzageuza kile kipande, akasema, "Hapa kuna kitu cha kulainisha hakipo. Sisi tunalainisha kwa nini?"

Kwa nini tena? Magadi! Mwanamke wa huku akitaka mlenda uteleze, akitaka maharage yakubali, anatia magadi, yale mabonge ya kijivu ya gulioni. Siku ya pili akasaga bonge, akatia kama anavyotia kwenye mlenda. Jamani! Biskuti zilitoka za njano kama ugonjwa, na zinanuka sabuni. Hata kuku aliyebaki alidonoa akaondoka. Nikacheka kule kwenye minyaa mpaka nikajiziba mdomo na kanga.

Mtu mwingine angeacha. Mimi ningeacha. Yeye alichukua magadi kidogo sana, akayaloweka kwenye bakuli, akayaacha yatulie mpaka taka zikazama, akachuja maji ya juu kwa kitambaa safi. Mikono yake ilikuwa na maji ya limau. Tone likadondoka kwenye bakuli, na maji yakachachamaa, shwaaa, povu likapanda. Luciana akaruka nyuma. Halafu akainama, akadondosha tone jingine kwa makusudi. Likachachamaa tena. Akaita, "Marietha! Njoo uone! Vinagombana hivi, vikigombana ndani ya unga vitaupandisha!"

Nikaacha kucheka. Pale kwenye minyaa, utomvu unanidondokea begani, nikajua kwamba namwangalia mtu mwenye akili kuliko mimi, na nikamchukia kwa hilo, na nikampenda kwa hilo.

Mara ya tatu zilipanda lakini bado zilikuwa na uchungu kidogo. Mara ya nne, Jumatano yenyewe, akapunguza maji ya magadi nusu, akaongeza limau, akazitoa motoni mapema, zingali zimelegea katikati. Akazipanga kwenye chungu kingine, juu yake akaweka maganda mabichi ya limau, akafunika na kitambaa chenye unyevu. Harufu ilivuka ua ikaingia nyumbani kwangu. Antipasi akatoka mlangoni akauliza, "Nani anapika kitu hicho?" Nikamwambia kula chakula chako.

Alhamisi tukakusanyika kwenye darasa la shule ya kijiji, wanawake watano. Mama Miwani alikuja na Mwalimu Febronia, msaidizi wake, dada wa Kinyiramba mwenye sauti ya upole. Marietha alikuwa amesimama nje ya dirisha, hana hata kiatu, ameshika nondo kwa mikono miwili. Mzee Mughwai naye alikuwapo, amekaa chini ya ukuta na fimbo yake.

Yangu ilionjwa ya pili. "Nzuri," Mama Miwani akasema. "Imekauka kidogo." Mbili za wenzetu zilivunjika mkononi. Ya mwisho ilikuwa ya Luciana. Mzungu akaikunja, ikakubali kukunjika. Akaonja. Akala yote. Akachukua nyingine akampa Mwalimu Febronia, na ya tatu akaila mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu. Wanawake wakaanza kunong'ona. Luciana hakutabasamu, alikuwa anaangalia mdomo wa yule Mzungu kama mtu anayesubiri hukumu.

"Magadi ya kopo uliweka kiasi gani?" Mama Miwani akauliza.

"Sikuweka ya kopo, mama. Niliweka ya gulioni."

Mama Miwani akaacha kutafuna. Akachukua karatasi, akaweka kidole. "Lakini imeandikwa hapa. Kwa nini hukufuata?"

Luciana akageuka akanitazama. Hakunikazia macho, alinitazama tu. Kisha akasema, "Nilisomewa vizuri, mama. Ni mimi niliyesahau."

Mama Miwani akavua miwani, akaifuta. Ilionekana anasikitika. "Biskuti ni nzuri sana," akasema. "Lakini nina wasichana tisini. Mpishi anayesahau kilichoandikwa, siku moja ataniumizia mtoto. Nahitaji mtu wa kufuata karatasi." Na akageuza uso wake kwangu.

Mzee Mughwai akaanza kunyanyuka, anapangusa vumbi. Dirishani, Marietha aliachia nondo. Sikusikia akilia, lakini niliona kichwa kinashuka, kinashuka, mpaka dirisha likabaki tupu.

"Hakusahau!" nikasema. Nilipiga kelele, msifikiri nilisema kwa adabu. "Hakusahau chochote! Mimi sikumsomea. Niliuruka mstari kwa makusudi, mara mbili! Karatasi yako mimi niliifuata neno kwa neno na biskuti zangu kavu. Huyu alinyimwa mstari mzima akautafuta kwa mikono yake mpaka akaupata. Kama unataka mtu wa kukulishia watoto, mama, unatafuta nini kingine?"

Toba! Mke wa karani, mbele ya watu wote. Mama Miwani alinitazama sana, kwa jicho ambalo sitaki kulikumbuka, kisha akamgeukia Luciana akamwambia, "Nieleze." Luciana akaeleza: samli, jiwe, sabuni, povu. Alipofika kwenye povu Mzungu alicheka kwa sauti, akapiga meza. Akasema, "Tarehe moja uje na mtoto." Mzee Mughwai aliulizwa kama amesikia. Akasema amesikia, na neno lake ni neno lake.

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Hakuna aliyenisogelea. Nami sikustahili.

Nikamfuata Luciana njiani. Nikamwambia, "Mama Marietha, mbona ulinifichia aibu? Ungesema tu kwamba nimekudanganya."

"Ningesema hivyo, nani angeniamini?" akajibu bila kusimama. "Mke wa karani anayesoma, na mimi nisiyejua kusoma. Nilijua tangu siku ile, Mama Filipo. Kila jambo kwenye karatasi lina nukta mbele yake. Nukta ni kumi na mbili, ulisoma mambo kumi na moja."

Nikamkimbilia mbele. "Ulijua? Basi mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungenisomea uongo, na uongo huo ningeupika. Pengo nililiona. Nikaona nilizibe mwenyewe."

Antipasi hakunisemesha siku tatu, na alikuwa na haki yake.

Tarehe moja lori la kwenda mjini likasimama barabarani. Nilikwenda kumbebea Luciana mzigo, nikaunyanyua mwenyewe mpaka juu, na Marietha akaniamkia, "Shikamoo, mama," kwa heshima ileile ya siku zote. Luciana alipokwisha kukaa nikamshika pindo la kanga. "Umenisamehe?" nikamuuliza.

Aliniangalia kutoka kule juu. Hakukunja uso.

"Bado," akasema. "Ngoja kwanza mtoto aingie darasani."

Lori likaondoka.