Shikamoo ya Baba Mkwe

Fundi makochi alijiandikisha chuo cha jioni bila kuomba ruhusa ya mtu. Alikuwa ameshavisha vitambaa nusu ya makochi ya mtaa ule, ameozesha mabinti, amemwoza na mwana, na alipoona mikono imeanza kutetemeka kwenye sindano akaamua kwamba sasa ni zamu ya kichwa. Alichagua somo lililoitwa Mtu na Jamii, ambalo ndani yake mlikuwa na saikolojia, dini na sayansi ya jamii, yote kwa karo moja. Kwake ilikuwa sawa na kupata kochi la watu watatu kwa bei ya stuli.

Mtaa mzima ulijua. Aliwaambia wateja huku akiwang'olea misumari kwenye viti vyao, akawaambia na wapita njia wasiokuwa na kiti cha kutengeneza. Mkewe akikasirika alimwita Profesa. Sebuleni alishaondoa ukutani picha ya harusi ya shemeji yake ili cheti kipate mahali pa kukaa.

Mambo yalimgeukia katikati ya muhula. Mwalimu wa somo alipata kazi kwingine akaondoka, na jioni iliyofuata mlango wa darasa ulifunguliwa akaingia mwalimu mpya, vitabu amevikumbatia kifuani. Alikuwa mke wa mwanawe mkubwa. Fundi alijua kwamba mkwewe anafundisha, ila siku zote alidhani anafundisha watoto wa mchana.

Wote wawili waliganda. Lakini yeye alishajitangaza, na mkwe alishatia saini mkataba, kwa hiyo hakuna aliyeweza kurudi nyuma. Darasa likasimama. Watu wazima wale, wengi wao wakiwa na watoto wa shule nyumbani, walirudia utoto wao kwa sauti moja: "Shikamoo, Mwalimu." Fundi alisimama nao, maana kubaki ameketi kungekuwa utovu wa adabu, lakini neno lenyewe lilipomfika kooni alikohoa. Baba mkwe amwamkie mke wa mwanawe, dunia imekwisha? Tangu siku hiyo kikohozi kilimjia kila mlango ulipofunguka, na kilimwacha mara tu watu walipoketi.

Mwalimu naye alikuwa na taabu zake. Hakuweza kumwita Baba mbele za watu, wala kumwita kitu kingine. Akitaka jibu lake alitazama nje, akasema labda upande wa dirishani kuna maoni. Jumapili alipokwenda ukweni na mumewe alimwamkia mzee kwa kuinama, akapotelea jikoni kwa mama mkwe, na habari za chuo hazikutajwa kabisa, kana kwamba chuo ni ugonjwa wa aibu.

Basi yakaja mazoezi ya kufanyia nyumbani. La kwanza lilikuwa la saikolojia: eleza woga wako mmoja na chanzo chake. Fundi aliandika kwamba yeye haogopi kitu, kisha akajaza kurasa kadhaa kuhusu woga wa mkewe, wa mwanawe na wa fundi saa, jirani yake. La pili lilikuwa la dini: zungumza na mtu wa dini isiyo yako, uandike anachoamini kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeikubali. Alimhoji huyohuyo fundi saa, rafiki yake tangu ujana. Imani ya rafiki aliieleza vizuri kabisa katika ukurasa mmoja, halafu akatumia kurasa zilizobaki kumsahihisha. Fundi saa alipopewa asome, alisoma yote, akairudisha karatasi, na baada ya hapo akawa anapitia njia ya nyuma.

Karatasi zote mbili zilirudi na alama za kutia huruma, na chini yake, kwa wino mwekundu na mwandiko mdogo wenye heshima, maneno yaleyale: "Baba, nilikuomba uone. Wewe umehukumu. Samahani sana." Fundi aliwahi kushindwa mambo mengi maishani, lakini hakuwahi kufelishwa huku akiombwa radhi.

Sasa alikuwa amekalia kuti kavu. Asipopata alama sitini katika zoezi la tatu, ambalo ndilo la mwisho, hatakubaliwa kufanya mtihani. Na asipofanya mtihani mtaa wote utajua, kwa kuwa mtangazaji alikuwa yeye mwenyewe.

Zoezi la tatu lilikuwa la sayansi ya jamii. Vunja kanuni moja ndogo ya adabu ya kila siku, isiyomdhuru mtu, uandike watu walifanya nini. Wenzake walichagua mambo mepesi. Mmoja alivaa shati ndani nje kazini. Msusi wa jirani, ambaye naye alikuwa mwanafunzi, alisema atawapokea wateja wake kwa kwaheri. Fundi alitaka jambo lenye uzito unaolingana na umri wake. Akaamua kuwaamkia shikamoo watu waliozaliwa juzi.

Alianza na kijana wa duka, aliyekuwa akipanga sabuni. Fundi alisimama mbele ya kaunta, akainamisha kichwa, akatoa shikamoo yake. Kijana aligeuka nyuma kuona nani ameingia. Hapakuwa na mtu. Akamgeukia mzee, akamtazama, jasho likaanza kumtoka.

"Mzee, nimekosa nini?"

Fundi akarudia salamu, kwa upole zaidi. Hapo kijana akakiri yote. Ni kweli, mkate wa jana ulikuwa wa juzi, na hata ile habari ya mizani alikuwa tayari kuieleza mbele ya mashahidi. Fundi, ambaye hakuwa na habari yoyote ya mizani, alitoka dukani na mkate wa moto ambao hakuulizwa hela yake.

Njiani alikutana na fundi bomba, kijana mwenye maneno mengi kuliko mabomba yake, akamwamkia pia. Huyu hakushtuka hata kidogo. Alimpiga mzee bega, akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Shule inaendaje?" na akaenda zake akipiga mluzi. Fundi alibaki katikati ya njia, damu inamchemka. Alitoa kalamu papo hapo akaandika kwamba kijana huyu hana malezi, na kwamba kosa ni la mama yake.

Alipofika nyumbani habari zilikuwa zimemtangulia. Kijana wa duka alikuwa amefunga duka akakimbia kwa njia ya mkato kumwambia mke wa Fundi kwamba mzee anapita akiwaaga watu kama anayekaribia kufa. Mwanawe mkubwa alikuwa ameitwa kutoka kazini na alikuwa amesimama sebuleni, tai imemwendea begani. Mkewe alimkalisha kwenye kochi, akamwinulia mkono mbele ya uso, akamtaka ataje vidole. Fundi akavitaja kwa hasira. Mwana naye akauliza, kwa sauti ya taratibu sana, kama kuna jambo lolote ambalo baba angependa familia ilijue mapema, kwa mfano kuhusu kiwanja.

Fundi alipoeleza kwamba yote hayo ni zoezi la chuo, hofu ya mama iligeuka ghadhabu, na ghadhabu ikatafuta pa kutua.

"Kumbe ni mkwe anayekutuma uzunguke mtaani ukiamkia watoto," alisema, na mkono wake ukaenda kwenye simu.

"Usimpigie," alisema Fundi. "Kazi ni yangu."

Msusi ndiye aliyeizima vita hiyo. Alikuwa amefuata kelele kutoka saluni, kichana bado mkononi, na akaanza kwa kumtetea mwalimu. Alisema wanafunzi wote wamepewa zoezi hilohilo, na yeye mwenyewe tangu asubuhi amewaambia wateja kwaheri, wawili wakaondoka kweli. Mwalimu hana kosa, akasema. Ni mwalimu mzuri na anawavumilia, hata huyu Mzee na kikohozi chake.

"Kikohozi gani?" akauliza mama, maana nyumbani mumewe hakohoi.

Msusi alimtazama Fundi, akatambua amefungua mlango usiofungika tena, akaeleza. Mama alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Mwana alitazama sakafu. Kicheko kilipoisha, mkewe alijipangusa macho kwa ncha ya kanga, akaketi karibu na mumewe, na safari hii hakumwita Profesa.

"Umemwamkia muuza sabuni," alisema. "Umemwamkia fundi bomba. Anayekufundisha, huyo unamkoholea."

Fundi aliinuka. Alikwenda kwenye karakana yake nyuma ya nyumba, akaketi kwenye mbavu za kochi lililovuliwa kitambaa, akasoma alichokiandika siku nzima. Vijana wa siku hizi. Hana malezi. Heshima imekufa. Alitafuta mahali alipoandika jinsi kijana wa duka alivyogeuka nyuma kuona nani ameingia, jambo lililomfurahisha kuliko yote, hakupaona. Tena, salamu zile hazikumgharimu kitu. Alizitoa huku akijua kwamba baadaye atacheka. Akachana karatasi, akaziweka kwenye gunia la sponji kuukuu.

Jioni ya darasa alivaa shati la mikono mirefu akafunga vifungo vyote. Mlango ulipofunguka watu walisimama, wakaamkia, wakaitikiwa, wakaketi. Fundi alibaki wima peke yake. Hakukohoa. Viti vilikoma kukwaruza, na kila mtu akamgeukia.

"Shikamoo, Mwalimu."

Chaki ilikatika mkononi mwa mwalimu. Kinywa chake kilifunguka kusema neno ambalo kila mtu alilijua, na neno halikutoka. Badala yake magoti yalijikunja kwa mazoea ya miaka ya ndoa, akainama mbele ya darasa lake mwenyewe.

"Shikamoo, Baba."

Na Fundi, kwa mazoea ya muda mrefu zaidi, alianza kusema "Mara...", akaikata katikati akaimeza. Angeitikia vipi na yeye ndiye aliyeamkia? Mwalimu naye alikuwa ameinama, anangoja. Shikamoo mbili zilikuwa zimening'inia hewani na hakuna wa kuzipokea. Msusi alijiziba mdomo kwa kitabu.

Huko nyuma aliketi mlinzi wa ghala, mtu wa makamo ambaye kila jioni alitoka darasani moja kwa moja kwenda lindoni. Alitazama saa yake, akatazama mbele.

"Marahaba, nyote wawili," alisema. "Sasa tuendelee, mimi nina zamu."

Kicheko kiliezua paa. Mwalimu aligeuka akafuta ubao uliokuwa hauna kitu, akaufuta kwa muda, kisha akaanza somo. Mara ya kwanza alipotaka jibu kutoka dirishani hakutazama nje. Alimtazama Fundi.

Zoezi aliliandika kesho yake, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Aliandika chaki, magoti, neno lililokatwa, mlinzi na saa yake. Aliandika mikono yake mwenyewe ilivyokuwa imeloa. Kila wazo la vijana wa siku hizi lilipobisha hodi alilinyima kiti.

Karatasi ilirudi na alama hamsini na nane. Sentensi moja ilikuwa imepigiwa mstari: "Mwalimu alilia." Pembeni, kwa wino mwekundu: "Mwalimu hakulia. Lilikuwa vumbi la chaki."

Alisoma maneno hayo mpaka akayajua kwa moyo. Hamsini na nane. Jumapili mwana na mkewe walipokuja, alingoja mkwe aamkie na aingie jikoni, kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa karatasi.

"Mwalimu," aliita kutoka sebuleni. "Nina rufaa."

Jikoni mwiko ulinyamaza. Mwana alishusha gazeti. Mzee hakuwahi kumwita hivyo ndani ya nyumba ile. Mkwe alitoka akijifuta mikono, akasimama, na ilionekana wazi kwamba alikuwa akichagua asimame kama nani.

"Mwanafunzi afute sentensi moja tu," alisema hatimaye, bado kwa adabu, "nami nitaongeza alama zinazopungua."

"Siifuti. Ulinitaka nione. Nimeona."

"Kulia hakuonekani, Baba. Hilo ni neno lako. Macho yako yaliona nini?"

Fundi alifungua mdomo kubisha, akaufunga. Akafumba macho. Alirudi darasani taratibu, kama anavyopitisha kiganja juu ya kochi kutafuta springi iliyovunjika.

"Ulikuwa unafuta ubao mtupu," alisema. "Jicho moja likajaa. Chozi likateremka mpaka pembeni mwa mdomo. Ukalipangusa kwa bega, kwa sababu mikono ilikuwa na chaki. Jicho la pili lilikuwa kavu."

Mama alikuwa amefika mlangoni na mwiko wake unadondosha mchuzi sakafuni, na yeye aliyekuwa mkali wa sakafu hakuutazama. Mkwe aliuvuta mkoba wake kutoka kwenye kochi, akachakura ndani, akatoa kalamu nyekundu.

"Jicho lipi?" aliuliza.

"La kushoto."

Akampa kalamu. Fundi akakata neno alilia, akaandika pembeni yote aliyoyasema, pamoja na bega. Mwalimu aliisoma palepale akiwa amesimama, akafuta hamsini na nane, akaandika nyingine juu yake, akaikunja karatasi na kumrudishia kwa mikono miwili. Kisha akarudi kwenye sufuria yake.

Mwana alitaka kujua ni alama ngapi na nani alilia. Mama yake akamwambia asome gazeti lake.