Paa la Mama Filister

Mradi ulipokuja Migori kuwatafutia kazi vijana waliomaliza vyuo vya ufundi, uliwapenda sana wasichana waliosomea sola, umeme wa jua. Nyangi alikuwa mmoja wao. Caren, afisa wa mradi, akamfanyia mpango kwa Abdihakim, mwenye duka la vifaa vya sola pale Suna. Makubaliano yalikuwa mepesi: amfungie mteja mmoja paneli, mteja akiridhika, Nyangi ndiye fundi wa duka. Msichana wa watu alikuwa amekaa nyumbani tangu ahitimu, na nafasi hii aliitaka kufa na kupona.

Mteja alikuwa Mama Filister, mjane wa Ndhiwa. Levis, kijana aliyelibebea duka mizigo kwa pikipiki yake, alimfikisha Nyangi na paneli salama. Ngazi ikaegemezwa ukutani. Nyangi hajapanda hata hatua mbili, Mama Filister akatoka jikoni mbio, mikono imejaa unga.

"Nyathina, mwanangu, shuka! Nani amekutuma upande nyumba yangu?"

"Ni mimi fundi, mama. Paneli inakaa juu."

"Wewe ni nyar Kuria, binti wa Wakuria, sijui kwenu mnafanya aje. Hapa mwanamke hapandi juu ya nyumba ya mtu. Hiyo ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Watoto wangu wakianza kukonda bila ugonjwa, nitaambia watu nini? Ati nilikuwa nataka stima?"

Hakusema kwa ukali. Alimshika Nyangi mkono na kumteremsha polepole kama mwanawe, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Chuoni walipanda paa la darasa, na darasa si boma la mtu. Walioandaa mafunzo yale walikuwa na magari, walimu na semina za hotelini, ila hakuna aliyepata akili ya kumuuliza mama mmoja wa Ndhiwa kama angekubali. Huo ni uzembe wa mchana kweupe, na anayeulipia si wao.

Nyangi akaona kazi inamponyoka. Akamgeukia Levis.

"Panda wewe. Nitakuelekeza."

"Mimi? Nikipigwa shoti je?"

"Hupigwi. Panda tu."

Akasimama uani, shingo imekakamaa, akimwelekeza kila skrubu. Levis alikosea, akarudia, akakosea tena, naye hakumfokea hata kidogo. Alimfundisha kwa moyo wote, kwa sababu kazi ilikuwa yake na aliitaka itoke safi.

Taa ilipowaka, Mama Filister alipiga kigelegele. Levis akapewa kiti na chai. Nyangi aliitwa jikoni kusaidia kumimina. Akiwa huko alimsikia mama akizungumza na Abdihakim kwa simu: "Huyo kijana wako ni fundi kabisa! Hata huyo msichana anamsaidia ako na heshima."

Baada ya hapo wateja walimiminika, kutoka Ndhiwa mpaka Mbita, na wote walimtaka Levis. Mwanzoni Nyangi alifuatana naye. Kisha Levis akawa hahitaji tena mtu wa kumwelekeza.

"Dada, mimi ni mtu wa biashara," Abdihakim alimwambia, na haya zilimshika kweli. "Mteja akisema anataka Levis, nitampa nani? Wewe kaa hapa kaunta, uza balbu."

Caren alipokuja kufuatilia, Nyangi alimweleza yote bila kuficha. Alitarajia atakasirika. Badala yake, uso wa Caren uling'aa.

"Kwa hivyo umetengeneza ajira! Levis hakusoma hata chuo, na leo ako na kazi kupitia kwako. Hiyo ni stori, Nyangi!"

Akatoa simu arekodi video, akamsimamisha mbele ya rafu ya betri. "Ambia wasichana wenzako kitu kimoja."

"Wasisome sola," Nyangi alisema.

Caren akaizima simu. "Hiyo siwezi kutuma. Na unajua kuna nafasi ya fundi wa sola Homa Bay, hospitalini, nilitaka kukupendekeza. Hebu jaribu tena."

Hospitali si nyumba ya mtu. Nyangi alimeza hasira yake ikiwa nzima, akapangusa uso, akawaambia wasichana wa Migori na Homa Bay kwamba sola inalipa, mradi ujiamini. Alisema vizuri mno, hata Levis, aliyekuwa akipakia paneli mlangoni, akampigia makofi.