Fundi wa Makochi Asiyekaa

Hivi, umewahi kumwona fundi wa makochi asiyekaa? Alikuwepo mmoja, watu wakimwita Mzee Sponji. Makochi ya nusu ya mtaa yalipita mikononi mwake, lakini ukimkaribisha kwako anasimama karibu na mlango kama mlingoti, kofia mkononi, chai haonji. Ukimuuliza, atakwambia magoti hayakunjiki.

Majirani walimtania kwamba anajua alichoshindilia ndani ya viti vyao. Yeye alicheka. Bintiye hakucheka. Tangu aolewe, baba hajaketi nyumbani kwake hata mara moja, na kochi jekundu la sebuleni alilishona yeye mwenyewe, zawadi ya harusi. Siku moja binti akamwambia wazi kuwa kama hampendi mkwewe aseme, asiwe anasimama mlangoni kama mpita njia.

Neno hilo lilimchoma kuliko sindano ya gunia. Asubuhi yake akajikokota hadi zahanati, akamweleza nesi habari za magoti. Nesi, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, akayabonyeza, akaona hayana neno. Aliona pia midomo ya mzee imekauka, na kwamba kabla ya kuketi alikuwa ametandika gazeti kwenye kiti. Akaenda kufunga mlango.

"Baba, unaogopa kulowesha kiti?"

Mzee akaikazia macho kofia yake. "Sponji ikishanywa mkojo, mwanangu, harufu haitoki. Nimezichana nyingi, najua."

Nesi hakucheka, wala hakumwonea huruma. Alimwambia wenye shida hiyo ni wengi, ila kila mmoja anadhani yuko peke yake. Akampima mkojo na sukari, akampangia siku ya daktari ili aangaliwe tezi dume. Akamfundisha kukaza ile misuli inayozuia mkojo na kuilegeza taratibu, na kwenda chooni kwa saa alizojipangia, asingoje kubanwa. Maji asijinyime, maana mkojo ukiwa mkali na kibofu huwa kikali.

"Na ukiwa ugenini," akamaliza, "ulizia choo kabla ya chai. Hiyo nayo ni dawa."

Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa chungu kuliko zote. Misuli aliikaza pale pale kwenye cherehani, huku akivuta uzi. Siku akilowa alinuna, kesho yake akaanza upya. Haba na haba hujaza kibaba, alijiambia, kisha akacheka peke yake, maana kibaba hiki alitaka kisijae. Majuma yakapita, kulowa kukapungua, ingawa hakukwisha.

Jumapili moja akabisha kwa bintiye. Binti akafungua, akamwachia nafasi pale pale mlangoni alipozoea. Kumwambia karibu ukae alishachoka. Mzee akavua viatu, akapita hadi kwenye kochi jekundu, akapapasa mshono wake, akageuka.

"Mwanangu, tangu uolewe nataka kukuuliza kitu. Choo chenu kiko wapi? Nikitoka huko nitengee chai. Leo nakaa."