Goti Linaloingia Ndani

"Toa hivyo vyuma viwili, Mama. Usinibishie."

"Sitoi. Jana nilinyanyua uzito huuhuu na sikufa."

"Hukufa, ila ulishuka ngazi kwa ubavu kama kaa."

Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliniudhi. Nilikuwa nimeshika mtaimbo wa kunyanyulia uzito, uliolala kwenye nguzo zake, hapo stoo tulipopageuza mahali pa mazoezi, na binti yangu amenizibia njia kama mlinzi wa getini. Jua la alasiri lilipenya kwenye matundu ya ukuta. Vumbi lilielea ndani ya miale yake, halina haraka ya kutua. Hata kelele zetu zilifika ukutani zikiwa zimechoka.

Mimi si mtu wa kubembelezwa. Tangu mama yangu apooze miguu, namtoa kitandani asubuhi, namrudisha jioni, na kila siku naona kama ameongezeka uzito. Ndiyo maana nanyanyua vyuma. Sitaki aniponyoke mikononi.

"Goti likiharibika, nani atambeba Bibi?"

"Halijaharibika. Linalia tu."

"Mlango ukilia watu wanautia mafuta. Wewe unaupiga teke."

Sauti ya mama yangu ikatoka chumbani. "Nyie! Nibebeni hata kama gunia, ila msiniangushe! Na punguzeni makelele, nimelala!"

"Umelala na unaongea?" nikamuuliza.

"Naota!"

Binti yangu akacheka, akatoa simu mfukoni. "Nilikupiga video sasa hivi ulipochuchumaa. Tazama, halafu unitukane vizuri."

Akaiendesha polepole. Nikajiona: mwanamke mnene mwenye blauzi ya kazini, anazama taratibu kana kwamba chumba kimejaa maji na mtaimbo unaelea mabegani mwake. Hereni zilimfuata kwa kuchelewa. Nilipendeza, kusema kweli. Kisha akafika chini, akaanza kupanda, na goti la kulia likageuka. Likaingia ndani polepole, likamwinamia mwenzake kama mmbea anayetaka kunong'ona. Kisigino kikaachana na sakafu. Usoni hakuwa na habari yoyote.

"Rudia," nikasema.

Akazama tena. Safari hii nilimwona mama yangu amelala mikononi mwa yule mwanamke, miguu inaning'inia, macho ameyafumba, anaota zake. Na huko chini yao wote wawili goti linainama, linainama.

"Umeona?"

"Nina macho."

Nikafungua vibanio vya kwenye mtaimbo. Nikatoa vyuma, siyo viwili, vyote, nikaviegemeza ukutani. Binti yangu akasogea pembeni kunipisha. Ana akili akitaka. Nikavuta benchi fupi nikaliweka nyuma yangu, nikatanua miguu sawa na mabega.

"Magoti je?" nikamuuliza.

"Yafuate vidole vya miguu. Visigino visiondoke chini. Nyonga zitangulie nyuma, kama unatafuta kiti gizani. Ukiligusa benchi, panda."

"Na likiuma?"

"Likiuma tunaacha, kesho tunakwenda hospitali. Hilo silijadili."

"Nani amekufundisha ukali?"

"Sijui. Kuna mama mmoja naishi naye."

Nikaubeba mtaimbo mtupu. Ulikuwa mwepesi mpaka aibu. Nikavuta pumzi, nikasukuma magoti nje, nikaanza kushuka ndani ya ile miale, taratibu kuliko nilivyowahi kufanya jambo lolote, nikilitafuta benchi.