Msichana Mpya wa Jikoni

Mlipuko wa kwanza Fundi alidhani ni gurudumu la gari limepasuka barabarani. Alikuwa chumba cha mbele, mguu kwenye cherehani, anamalizia upindo wa sare ya shule. Wa pili ulitokea nyuma yake, ndani ya nyumba, na hapo harufu ya kuungua ikamfikia. Alipofika jikoni alikuta sufuria imekauka hadi imebadilika rangi, maganda yametapakaa sakafuni na vipande vya kiini vimenata darini. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, anautazama moto kama mtu anayengoja zamu yake.

“Nani ameniharibia mayai?” mama aliuliza.

Mama huyu alikuwa amepika hospitalini miaka ishirini na sita. Mtaa mzima ulimwita Mama Jikoni, na wengi hawakuwahi kujua kama ana jina jingine. Kila asubuhi alichemsha mayai mia mbili ya wagonjwa, na ilisemwa kwamba hata mgonjwa aliyegoma kunywa dawa hakuligomea yai lake. Ganda lilitoka bila kung'ang'ania, ute ulikuwa laini, kiini kimeiva njano mpaka pembeni. Sasa mtu huyo huyo alikuwa anakanyaga maganda bila kujua ya nini.

Daktari hakuzunguka. “Ubongo wake unachakaa,” alimwambia Fundi. “Kuna siku atakuwepo, kuna siku hayupo. Msimwache na moto.”

Alisema “msimwache” kana kwamba nyumbani kulikuwa na jeshi. Walikuwa wawili tu, yeye Fundi na kaka yake, na kaka ni dereva wa lori, wiki tatu kati ya nne yuko njiani.

“Si unaye hapo?” kaka alisema kwenye simu. “Kazi yako wewe ni ya kukaa.”

“Nakaa kwenye cherehani, kaka. Sikai mlangoni pa jiko.”

“Basi mfungie,” akasema, na simu ikakatika.

Akafunga jiko kwa kufuli. Asubuhi ya kwanza mama alibisha hodi kwa vifundo vya vidole, taratibu, kama mfanyakazi aliyechelewa na hataki bosi asikie. “Nifungulieni jamani. Saa zinakwenda. Wagonjwa hawajala.” Fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu ili kelele zake zizidi. Ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Siku ya nne mama aliketi sakafuni, akaegemea mlango na kulia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotezana na mamaye sokoni. Fundi akauweka mkasi chini, akaenda kufungua.

Mama akafuta uso, akamtazama juu mpaka chini. “Wewe ndiye msichana mpya?”

Wiki hiyo Fundi alikuwa amemwambia “mimi ni mwanao” mara zisizo na idadi, na kila mara mama alimwangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtu aliyekosea nyumba. Leo hakuwa na nguvu ya kubishana.

“Ndiyo, ni mimi.”

“Umechelewa. Funga kitambaa kichwani.”

Wakaanza kazi. Fundi alijaza maji, akashika yai alitumbukize, na mkono wake ukapigwa kikofi.

“Unalianzisha kwenye maji baridi? Halafu ukija kumenya nusu ya yai inaondoka na ganda, useme kuku ndiye mbaya. Maji yachemke kwanza. Na yai la jana liache, hilo bado kaidi. Chukua lililokaa wiki. Haya, kwa kijiko, pole pole, kama unamlaza mtoto mwenye homa. Sasa punguza moto. Maji yacheke tu, yasipige kelele. Dakika kumi na mbili.”

“Na nikizidisha?”

“Kiini kinavaa kijani. Mgonjwa tayari ana kichefuchefu, wewe unampelekea yai lenye ukungu? Utamaliza wodi wewe.” Akacheka, na kilikuwa kicheko chake cha zamani kabisa. “Dakika zikiisha, maji baridi hapo hapo. Yakipata joto, mwaga, weka mengine. Gonga upande mnene, ndiko kuna hewa. Menyea ndani ya maji.”

Mikono ile ambayo asubuhi hiyo ilishindwa kupata tundu la mkono wa blauzi haikukosea kijiko hata mara moja.

Tangu siku hiyo somo lilirudiwa kila asubuhi kutoka mwanzo. Kila asubuhi Fundi alikuwa mpya, na kila asubuhi amechelewa. Hakuwahi kufundishwa kupika na mama yake. Utotoni alimjua zaidi kwa sahani iliyofunikwa mezani na kwa viatu vya kazini vilivyovuliwa mlangoni. Mama aliondoka giza halijapasuka na kurudi miguu imevimba, akasinzia kwenye kiti kabla hajafungua mkoba. Fundi akakua akiamini kwamba wagonjwa wa watu ndio waliopata mama, na yeye akapata makombo. Sasa, akiwa na miaka arobaini, alikuwa anaonyeshwa jinsi ya kushika kijiko, ila kwa kuwa tu alidhaniwa ni mtoto wa mwingine.

Siku moja, wakingoja maji yachemke, akajipa moyo.

“Mama, una watoto?”

“Wawili. Wa kiume ana mdomo, huyo atajisemea popote.” Akarekebisha kitambaa. “Wa kike hanipendi.”

“Nani kakwambia?”

“Niambiwe na nani? Nikitoka amelala, nikirudi anajifanya amelala. Naziona kope zinavyotetemeka. Namwacha tu. Ningekuwa yeye na mimi ningefumba macho.” Kisha akamgeukia kwa ukali. “Maji hayo yanachemka, unaota nini?”

Fundi aliteremsha mayai na moja likapasuka, ute ukatoka kama uzi mweupe. Habari ya zile kope ilikuwa kweli. Hakuwahi kumwambia mtu.

Ajali ilitokea asubuhi ya Alhamisi. Mteja mmoja, bibi harusi mtarajiwa, alikuja kujaribu gauni wakati mayai yako motoni. Fundi alitazama saa, akamwambia mama, “Usiguse kitu, nakuja sasa hivi.”

“Sawa, mkubwa,” mama akajibu na kupiga saluti ya utani.

Gauni lilikuwa linabana kiunoni. Fundi alipiga magoti, akashika pini kwa meno, akaanza kufumua ubavuni. Baadaye aliwaambia watu ilikuwa kama dakika mbili, lakini alijua si kweli. Alikuwa ameshafumua na kushikiza kwa pini upande mzima, kutoka kwapani hadi nyongani, na hiyo si kazi ya dakika mbili. Kilichomtoa magotini ni ukelele.

Mama aliamua muda umetimia. Alikuwa amenyanyua sufuria kwa mikono mitupu akamwage maji, joto likamuuma, na yote yakamteremkia kuanzia paja hadi unyayo. Kitambaa cha gauni lake kilikuwa kimegandana na ngozi. Alisimama katikati ya mvuke, anatetemeka, na alichokuwa anasema hakikuhusu maumivu.

“Msiniandike kwenye daftari la makosa,” alisema. “Nimeteleza tu. Naomba msiniandike.”

Fundi alimmwagia maji baridi ndoo baada ya ndoo. Bibi harusi alitoka mbio barabarani na gauni lake lenye pini, akasimama mbele ya gari la kwanza lililotokea.

Walimpeleka hospitali ile ile. Hakuna aliyemkumbuka. Jiko lake la zamani lilikuwa limegeuzwa stoo ya magodoro, na chakula kililetwa kutoka nje kwa kitoroli. Asubuhi ya pili aliwekewa yai. Alilikata, akaona duara la kijani, akasukuma sahani.

“Nitolee huyo mpishi niongee naye,” alisema, akajaribu kushuka kitandani kwa mguu uliofungwa bendeji. Ilibidi wauguzi wawili wamzuie.

Fundi alirudi nyumbani kupika. Yai la wiki, maji yamechemka, kijiko, moto mdogo. Alisimama mbele ya saa dakika zote kumi na mbili bila hata kuketi. Akalileta ndani ya bakuli lenye kifuniko. Mama alilipasua kwa kidole gumba, akachungulia ndani.

“Nani kapika?”

“Mimi.”

“Limezidi.”

“Ni dakika kumi na mbili, mama. Nimeangalia saa.”

“Maji yako ya baridi hayakuwa baridi. Limeendelea kuiva nawe umelishika.” Alitafuna polepole, akamaliza nusu. Nusu nyingine akaisogeza upande wa Fundi. “Kula na wewe. Umekonda.”

Fundi akala. Hakuuliza anaambiwa kama nani.

Siku ya nne homa ikapanda. Muuguzi alifungua bendeji, akaifunga tena haraka, na kumwita daktari. Kidonda kilikuwa kimeoza na sumu imeingia kwenye damu. Siku mbili mama hakusema neno linaloshikika. Asubuhi ya tatu, wauguzi wakiwa katika kupokezana zamu, pumzi zikaachana, zikaachana zaidi, zikakoma.

Wakavuta pazia kuzunguka kitanda. Muda si mrefu kitoroli cha chai kikaingia na sahani zikagawiwa kama kawaida. Mwanamke wa kitanda cha jirani, aliyeungua mikono yote miwili, alimtazama Fundi kwa aibu.

“Pole sana, mwanangu. Naona vibaya kukuomba. Wanaweka tu na kuondoka.”

Fundi akavuta kiti. Alimenya yai lililokuwa kwenye sahani ya yule mwanamke, likatoka mapande mapande, na akawa anamlisha kwa kijiko wakati kaka yake alipoingia na vumbi la safari mabegani.

“Mama yuko wapi?”

Akamwonyesha pazia kwa kidevu. Kaka alikaa humo muda mrefu. Alipotoka walikwenda kusimama koridoni, na kaka akawa anaongea akitazama ukuta.

“Watu wakiuliza, tuseme homa. Na si uongo, homa ndiyo iliyomchukua.”

“Homa ilitoka wapi?”

“Dada, nakuokoa wewe. Unamjua shangazi alivyo. Ukimpa hilo, atakufa nalo mdomoni.”

“Najua.”

“Basi nyamaza.”

Siku ya mazishi, ilipofika zamu ya watoto kusema, Fundi alisimama mbele ya watu akaeleza jinsi mama alivyougua na jinsi alivyokuwa akimfundisha. “Alhamisi ile nilimwacha jikoni na maji ya moto,” akasema, “nikaenda kupima gauni. Nilijua hatakiwi kuachwa.” Shangazi alinyanyuka, akahamia benchi la nyuma. Kaka alitazama viatu vyake. Aliyelia kwa sauti alikuwa yule bibi harusi.

Tangu hapo shangazi hajakanyaga kizingiti cha Fundi. Wateja kadhaa walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa, wengine walibaki. Kaka hupiga simu kila Jumapili. Huzungumza habari za lori, matairi na mvua, na wote wawili huona afadhali hivyo. Mara moja tu alimuuliza kama hajutii kusema yale mbele za watu.

“Najuta mara nyingi,” Fundi alisema. “Lakini ningesema tena.”

Upande wa pili injini ikawashwa, kaka akasema safari bado ni ndefu, atapiga akifika.