Mashuka Uani kwa Mama

Mama yangu na mume wangu wanapendana sana, ila si katika jiko moja. Ndiyo maana tulitaka kujenga vyumba viwili uani kwa Mama, tuwe naye karibu, kila mmoja na sufuria yake. Tangu aanguke bafuni, usingizi wangu umekuwa wa kuungaunga.

Kwenye fomu ya kibali cha ujenzi ilibaki sahihi ya jirani, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Kengele hadi leo, akiwa hayupo. Yeye alishasema: mtaa huu ni wa nyumba za chini na michongoma, basi.

"Baba, ni vyumba viwili tu," nilimwambia, macho yangu yakiwa kwenye viatu vyake.

"Hata maghorofa huanza na viwili."

Fundi akashauri tumwonyeshe. Akasimika miti minne pale nyumba itakapokaa, akafunga kamba kwa kimo cha ukuta, na Mama akatundika mashuka pande zote. Yale ya maua akayaelekeza kwa jirani, kwa heshima.

Kengele akaja. Akatazama kutoka barabarani: juu ya michongoma hakuna kitu. Akatazama kutoka getini: nyumba ya Mama imeficha kila kitu. Akakunja uso kama mwalimu aliyekosa kosa la kusahihisha. Kisha akarudi kwake, akasimama kwenye dirisha la jikoni. Akaganda hapo.

"Mwalimu, umesinzia?" Mama akaita.

"Sikuoni."

"Nipo hapa mlangoni kwangu!"

"Ndiyo nasema, sikuoni. Mashuka yamekuziba." Akakohoa. "Siku ile ulipoanguka, nilijua kwa sababu mlango huo haukufunguliwa."

Hata fundi hakucheka. Mama alijitengeneza mtandio ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Kumbe! Mtu mzima unanichungulia, halafu unasingizia michongoma?"

"Sichungulii. Nakunywa chai."

Muda si mrefu alikuwa uani kwetu, anang'oa mti mmoja kwa mikono yake na kuuburuta kuelekea barabarani.

"Nyumba ikae hapa."

"Hapo paa litaonekana barabarani, Mwalimu," fundi akasema. "Mtaa mzima utaliona."

Kengele akatazama barabara, akatazama mlango wa Mama.

"Watazoea," akasema, akaninyooshea mkono nimpe kalamu.